Hesabu magari yaliyo ndani kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kusimamia shughuli kwenye kampuni za utalii hapa Arusha, nawapeleka gereji, maana ndiko nilikoielewa kazi hii.

Julai yangu ya kwanza, wageni wakitua uwanja wa ndege wa KIA kila siku, niliagiza kila gari likirudi kutoka porini lifunguliwe siku hiyohiyo, mafundi wasikae bure. Wiki haikuisha, magari 12 yalikuwa juu ya jeki, tairi huku, springi kule. Yaliyotoka kwa siku yakabaki 3, kama zamani.

Gawanya: 12 kwa 3 ni siku 4. Ndizo siku ambazo gari, kwa wastani, litakaa ndani. John Little, msomi wa Marekani, alichapisha uthibitisho wa hesabu hii mwaka 1961, nayo inafaa foleni ya benki, mashine ya unga na hata mafaili mezani kwako. Nilikuwa naongeza magari ndani bila kuongeza yanayotoka, kwa hiyo nilikuwa narefusha kusubiri kwa mikono yangu mwenyewe. Iliniuma sana, kwa sababu madereva ndio waliolaumiwa.

Fundi mmoja mzee akanishika mkono mpaka kwenye kona ya springi. "Mwanangu, angalia hapa." Rundo lilifika kiunoni. Barabara ya vumbi kutoka lango la Loduare, Ngorongoro, hadi Naabi, lango la Serengeti, inavunja springi kweli, na aliyezishughulikia alikuwa yeye peke yake. Wengine wakimaliza oili na breki, gari linamngoja mzee. Asubuhi ileile nilimwona akiacha kazi kwenda dukani kufuata bushi!

Tukamwondolea kila kisichohitaji mkono wake. Kijana akapewa kufungua nati na kusafisha, dukani akaenda mtu mwingine. Tukaweka seti mbili za springi zilizokwisha kufungwa, gari likifika inabadilishwa, ile mbovu inashughulikiwa baadaye. Na gari halikufunguliwa tena kama spea yake haipo stoo. Ndani yakabaki 6, siku zikawa 2, kabla hatujaajiri mtu yeyote.

Kuhusu stoo, neno moja tu. Kama mnatumia filta 2 za dizeli kwa siku na mzigo wa Dar unachukua siku 3, agizeni zikibaki 6 pamoja na akiba kidogo. Msisubiri rafu iwe tupu. Leja iandikwe spea inapotoka, si Ijumaa jioni kwa kukumbuka.

Kisha kuna dereva. Karatasi ya ukaguzi haitakwambia kama gari lilikuwa likivuta kushoto kwenye mteremko wa Kreta ya Ngorongoro, yeye anajua. Msubiri getini, mpe pole ya safari, muulize, "Kaka, lilikusumbua wapi?" Andika jibu lake kwenye kadi ya gari palepale, kabla hajashusha mabegi.