Kusoma namba kutoka faili la baiti kwa C: usiiulize mashine, liulize faili

Mkuu, umesema programu yako inasoma vizuri kwenye laptopu, ukiihamishia kwenye kifaa kingine namba zinakuwa vituko. Yalinikuta hayo hayo hapa Tanga, kwenye ghala la mkonge.

Mizani ilikuwa ikiandika kila robota kwenye kadi: baiti 1 ya daraja, 4 za uzito, 2 za namba ya robota. Jumla 7. Nikaunda struct (fungu la data lenye sehemu hizo tatu), nikaimwagia fread, ile amri ya kusoma faili, moja kwa moja, nikajiona fundi. Kumbe sizeof yake, yaani ukubwa wake kwa baiti, ni 12! Kompaila ilichomeka baiti 3 tupu baada ya daraja ili uzito ukae mahali panapogawanyika kwa 4, na 2 nyingine mwishoni. Nikailazimisha ibanane, laptopu ikatulia.

Halafu mwenye ghala akataka programu ikae kwenye ruta ya zamani, isiyokula umeme. Prosesa yake ilikuwa ya aina ya MIPS, ya kutanguliza baiti kubwa, yaani ile yenye thamani kubwa zaidi kwenye namba. Robota la kilo 250 likasomeka -100663296. Karani akanitazama: "Mwanangu, huu mzigo tumepokea au tunadaiwa?"

Kwenye faili, 250 imeandikwa FA 00 00 00, yaani baiti ndogo imetangulia. Laptopu nayo hupanga hivyo, kwa hiyo ilipatia kwa bahati tu. Ruta iliichukua FA kama baiti kubwa kuliko zote.

Watu watakwambia uweke #ifdef (sharti la wakati wa kukompaili) ya kupima mashine ni ya aina gani, kisha ugeuze baiti. Mimi nimeacha huo mchezo. Mpangilio wa mashine haukuhusu, wa faili ndio unaokuhusu. Soma baiti mojamoja, ujenge namba mwenyewe:

unsigned char b[4];
if (fread(b, 1, 4, f) != 4) return 0;
*n = (uint32_t)b[0]
   | (uint32_t)b[1] << 8
   | (uint32_t)b[2] << 16
   | (uint32_t)b[3] << 24;

Faili likitanguliza baiti kubwa, kama lile la picha za PNG, unapindua tu: b[0] ndiyo isogezwe biti 24. Kwingine hugusi kitu.

Hizo (uint32_t), yaani namba ya biti 32 isiyo na hasi, si mapambo. Ukiziacha, b[3] inageuka int kabla ya kusogezwa, na ikiwa ni 128 au zaidi inaingia kwenye biti ya alama, ile inayoonyesha namba ni hasi. Hapo kompaila ina ruhusa ya kufanya lolote. Kwenye Arduino za AVR, vile vibodi vidogo vyenye chipu ya biti 8, ni balaa zaidi, int yenyewe ni biti 16, kwa hiyo hata b[2] haina pa kwenda. Kama namba inaweza kuwa hasi, ihamishe kwa memcpy (amri ya kunakili baiti) kwenda int32_t, aina ya biti 32 inayokubali hasi.

Na usipuuze sharti la kuhesabu baiti zilizosomwa, kama lile la != 4. Ndilo lililoniokoa siku karani alipotaka programu kwenye Windows ya ofisini. Kila faili lilikuwa linakatikia robota la 26. Nikabadilisha kadi, nikabadilisha kisomeo, wapi! Jioni ndipo nikakumbuka kwamba namba ya robota 26 kwa heksadesimali ni 1A, na faili likifunguliwa kama maandishi, Windows huichukua baiti hiyo kuwa mwisho wa faili. Nilikuwa nimeandika fopen, amri ya kufungua faili, kwa "r" (maandishi) badala ya "rb" (baiti tupu).