Naachwa kwenye mpando wa Corner Baridi: ninunue magurudumu ya kaboni?

SWALI: Habari fundi? Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Ongata Rongai. Kila Jumamosi natoka na kundi la waendesha baiskeli, tunapita Kiserian na kuteremka hadi Olepolos, kisha tunarudi. Kwenda sina shida, mara nyingi hata mimi ndiye niko mbele. Tukigeuza, mpando wa kurudi Corner Baridi unanimaliza. Kona mbili tatu tu wameniacha, nafika juu dakika sita baada yao huku magoti yanauma. Saa yangu inaonyesha miguu inazunguka mara 50 kwa dakika. Baiskeli ni ya barabara, yenye vifaa vya gia vya Shimano 105, gia 11 nyuma: mbele meno 52 na 36, nyuma 11 hadi 28, breki za kubana rimu. Nina kilo 64. Mwenzetu anauza magurudumu ya kaboni yaliyotumika na anasema yatanipunguzia gramu 400. Mwezi ujao kuna mashindano ya hapa kwetu na ningependa angalau nimalize na kundi. Tangu nimwone mwendesha baiskeli Kim Le Court akivaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza Tour de France ya wanawake, usingizi wangu umeisha. Ninunue?

JIBU: Usinunue, dada yangu. Kwa shida uliyonieleza, magurudumu hayo hayatakusaidia, na kwenye mteremko ule yanaweza hata kukuletea balaa.

Niyamalize haraka. Wewe, baiskeli na chupa za maji mnafika kama kilo 76. Gramu 400 katika kilo 76 ni nusu asilimia. Mpando unaokuchukua dakika 40 utaupanda kwa kuokoa kama sekunde 12, na wewe unaachwa dakika sita. Ile faida nyingine ya kukata upepo inahitaji mwendo, na kwa kilomita nane kwa saa hakuna upepo wa kukata. Tena breki zako zinabana rimu. Rimu ya kaboni ikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto kali, na ikiwa ni kuukuu ambayo hujui imepitia nini, inaweza kulainika na kupasuka. Kati ya Corner Baridi na Olepolos si mahali pa kufanyia majaribio hayo.

Sasa tuje kwenye namba iliyonishtua katika barua yako: mizunguko 50 kwa dakika.

Gurudumu lako lenye tairi ya milimita 25 husonga kama mita 2.1 kila likizunguka mara moja. Gia yako nyepesi kabisa ni 36 mbele na 28 nyuma. Gawanya 36 kwa 28, zidisha kwa 2.1, unapata mita 2.7. Maana yake kila pedali ikizunguka mara moja, baiskeli inasonga mita 2.7, upende usipende. Kwa mizunguko 50 hiyo ni mita 135 kwa dakika, yaani kilomita 8.1 kwa saa. Huna gia nyingine chini ya hapo. Mlima ukiongezeka kidogo, kitu pekee kinachoweza kupungua ni miguu yako: inashuka hadi 45, kisha 40, na kila mkanyago unakuwa kama kupanda ngazi ukiwa umebeba gunia la viazi. Ndiyo maana magoti yanalia. Mapafu yako pengine bado yana akiba, ila misuli ya mapaja imeshachoka kusukuma.

Weka nyuma kaseti (lile rundo la gia za nyuma) ya 11-34, yaani meno 11 hadi 34, na usiguse kitu mbele. Gia nyepesi sasa ni 36 kwa 34, mita 2.22 kwa mzunguko. Kwa mwendo uleule wa kilomita 8.1 miguu itazunguka mara 61 badala ya 50, na nguvu unayoweka katika kila mkanyago itapungua kwa karibu asilimia 18. Mwendo ni uleule na jasho ni lilelile, ila mzigo umehamishwa kutoka kwenye misuli kwenda kwenye moyo na mapafu, ambayo huchoka polepole na kupona upesi. Ukibadilisha na meno ya mbele kuwa 50 na 34, unashuka hadi mita 2.1 na mizunguko 64, yaani asilimia 22. Lakini sehemu kubwa ya faida umeshaipata kwenye kaseti peke yake, kwa hiyo anza nayo.

Najua utakayoyasikia ukitokea na kaseti kubwa Jumamosi. Wapo wanaume barabarani wanaosema gia nyepesi ni ya wanyonge. Maneno hayo yananikera kwa sababu nimeona magoti ya vijana wazuri yakiharibika kwa ajili yake. Shimano wenyewe wanatengeneza 11-34 katika Dura-Ace, kiwango chao cha juu kabisa, kile cha mabingwa. Na Chris Froome, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu, aliwaacha wenzake kwenye mlima Mont Ventoux kule Ufaransa mwaka 2013 akiwa ameketi kitini, miguu ikizunguka kama cherehani. Mwaka huo alishinda Tour de France yake ya kwanza kati ya nne.

Kabla hujatoa hela, pindua baiskeli uangalie kihamisha cheni cha nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Upande wa ndani pana maandishi madogo, futa matope uyasome. Ikiwa ni RD-R7000-GS, meno 34 yanakubalika bila wasiwasi. Ikiwa ni R7000-SS, kimkono chake ni kifupi na mwisho wake ni meno 30. Ile 105 ya zamani, 5800, kwa GS mwisho ni 32 na kwa SS ni 28. Baiskeli nyingi tunazouziwa Nairobi zimekuja zikiwa zimetumika, na mara nyingi nimekuta kihamisha cheni kimebadilishwa na mtu asiyejulikana, kwa hiyo usiamini alichokwambia muuzaji. Soma mwenyewe. Ukikuta 5800-GS, chukua kaseti ya 11-32: mita 2.36 kwa mzunguko bado ni nafuu kubwa.

Cheni ndiyo inayoharibu kazi hii kwa mafundi wenye haraka. Meno 34 yanahitaji cheni ndefu kuliko 28. Cheni ya zamani ikiachwa ilivyo, siku utakapoteleza ukaweka gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, itavutika hadi ikunje kihamisha cheni au ikivunje kabisa. Mwambie fundi azungushe cheni mpya kwenye meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kihamisha cheni, kisha aongeze pingili mbili. Hapo ndipo pa kukata. Nasema cheni mpya kwa sababu iliyochakaa itaruka juu ya kaseti mpya. Ukitaka kuhakikisha, weka rula: kutoka pini moja, hesabu pini 24 mbele, panapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni hiyo imekwisha.

Kaseti ya 105 ya 11-34 ni nyembamba kidogo kuliko nafasi iliyopo kwenye kitovu cha gurudumu la barabara la gia 11. Lazima itanguliwe na pete ya milimita 1.85, ambayo kwa kawaida huja kwenye boksi lake. Pete ikisahaulika kaseti itacheza, na utadhani umeuziwa feki. Fundi akishamaliza, arekebishe ile skrubu ndogo ya kihamisha cheni inayosogeza kigurudumu chake cha juu, mpaka kiachane na meno makubwa kwa milimita tano au sita.

Gia zikikaa sawa, bado kuna jambo ulilolitaja kama sifa: kwamba ukienda ndiye uko mbele. Dada yangu, hapo ndipo unapoanza kuachwa. Kwenye tambarare, kwa kilomita 30 kwa saa na zaidi, anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa hata robo ya nguvu. Wewe unawakatia upepo asubuhi nzima, halafu kwenye mpando, ambako kujificha hakusaidii sana, wanakulipa kwa kukuacha. Kaa wa nne au wa tano, zamu yako ikifika vuta dakika moja, toka pembeni urudi nyuma.

Siku ya mashindano fanya kinyume mara moja tu: mlima unapoanza, uwe kati ya watatu wa kwanza. Kisha panda kwa mwendo wako na uwaache wakupite mmoja mmoja. Kundi la watu 20 lina urefu, na unaweza kuteleza kutoka kichwa hadi mkia mlima mzima ukafika juu bado uko ndani. Anayeanza mkiani akipungukiwa kidogo ameshabaki peke yake.

Na zile kona mbili za kwanza usimfuate mtu. Wenzako wanaruka kwa sababu wamepumzika, na joto la bondeni saa nne asubuhi ni la kuheshimiwa. Ukifuata mruko ule unaingia kwenye deni ambalo mlima hautakupa nafasi ya kulilipa. Kula kabla ya kugeuza, si baada ya kuishiwa. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ni kama gramu 25, kwa hiyo ndizi mbili na chupa yenye sukari kidogo na chumvi vinakutosha, huna haja ya vipakiti vya bei ghali.

Umemtaja Kim Le Court, nami nimefurahi. Aprili 2025 huyo binti wa Mauritius alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake kule Ubelgiji, mashindano ya vilima vifupi vinavyofuatana saa nzima nzima, Mwafrika wa kwanza kushinda moja ya zile mbio tano kongwe za baiskeli ziitwazo Monuments. Ukiirudia video yake, usiangalie mwisho tu. Tazama jinsi anavyokaa ndani ya kundi saa zile ambazo hakuna anayemtaja, na jinsi miguu yake inavyozunguka anapoingia kilimani.

Funga kaseti wiki mbili kabla ya mashindano, si siku mbili, na upande Corner Baridi mara moja ukiwa peke yako. Kama saa inaonyesha mizunguko 60 au zaidi na magoti yametulia, tumefika. Kwanza lakini nitumie maandishi yaliyo upande wa ndani wa kihamisha cheni chako, kabla hujalipa duka lolote, nikwambie kama 34 itaingia au tuchukue 32.