Nilidhani nimerogwa, kumbe ni hesabu

Assalaam aleikum wana jukwaa. Ndugu yetu ameuliza kama elimu inamsaidia mtu kweli kukabili stresi, kwa sababu shemeji yake ana digrii na bado usiku halali, ilhali babu yao ambaye hakukanyaga darasa alicheka mpaka siku aliyofariki. Nimesoma majibu yenu. Wengi mmejibu kama mko mimbarini. Mimi nitasimulia yaliyonikuta.

Mimi ni mvuvi, mtu wa Amu, yaani Lamu. Shule niliacha darasa la nne nikamfuata mjomba baharini. Chuo cha Kurani nilihitimu, Kurani nasoma, na jina langu nililiandika kwa herufi za Kiarabu vizuri zaidi kuliko hizi za Kizungu. Hesabu za bahari nazijua: bamvua la maji makubwa lini, maji mafu lini, upepo wa kusi ukishika usitoke nje ya mlango wa bahari na dau bovu. Za karatasi ndizo zilizonishinda.

Mwaka 2014, mwezi wa sita, yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni, huku huku kaunti yetu ya Lamu. Ikaja kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Kwa msiojua, jarife ni wavu, hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kumwambia mwenye jarife asitoke usiku ni kumwambia mpika mikate asiwashe tanuri. Na miezi mitatu kabla, mimi nilikuwa nimechukua mashine ya boti kwa mkopo.

Basi hapo ndipo yalipoanza. Moyo unapiga kama ngoma saa nane za usiku. Mikono inatetemeka. Mama ananiita kwa Kiamu chetu, "Ndoo ule, mwanangu," yaani njoo, nami tonge halipiti kooni. Simu ikilia natoka jasho. Mke wangu nilimfokea kwa jambo la chumvi, na mimi si mtu wa kufoka. Nikajiambia hili ni jicho la mtu, boti yangu mpya imeonekana.

Nikaenda kwa maalim akaniandikia kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji ya kunywa, nikanywa siku saba. Nitasema haki: siku zile nilitulia, maana yule mzee alinisikiliza bila kutazama saa. Siku ya nane mwenye mashine akapiga simu, moyo ukarudi pale pale. Maalim mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Kombe tumekwisha kunywa. Sasa nenda kapimwe presha."

Ilikuwa 168 kwa 104. Nesi aliyenipima angeweza kunipa vidonge nikaenda zangu, lakini alivuta kiti. Akaniambia juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Mtu akiona hatari zinamwaga adrenalini: moyo unakimbia, damu inakwenda kwenye misuli, tumbo linaacha kazi. Hapo nikajua kwa nini chakula kilikuwa hakipiti. "Ukikutana na papa, hiyo ni rehema," akasema. "Utaogelea kama hujawahi kuogelea. Lakini deni si papa. Papa huondoka. Deni unalala nalo, unaamka nalo, na mwili haujui tofauti, unabaki mlangoni na panga usiku kucha."

Wallahi nilitoka pale nusu ya mzigo umeshuka, na sikuwa nimelipa hata shilingi. Kitu kilichokuwa kikinitisha zaidi ya deni ni ule moyo wenyewe. Nilidhani nakufa. Nilipoujua unafanya nini, ulipoanza kupiga niliuambia tu, haya, mlinzi amesikia kishindo.

Akaniuliza natafuna nini. Nikasema muguka, yale majani ya jamii ya miraa, kidogo, kupoteza mawazo. Akacheka. Kumbe ile ile inayonipotezea mawazo ndiyo inayoharakisha moyo na kufukuza usingizi! Nilikuwa namwaga petroli halafu nauliza moshi unatoka wapi. Niliacha, kwa tabu, si kwa siku moja. Tena akanifundisha kupumua: vuta polepole, toa polepole zaidi ya ulivyovuta, mara sita hivi kwa dakika. Mimi niliyezamia kambakoche ujana wangu wote nikafundishwa kupumua na binti wa miaka ishirini na kitu. Nilijiona mjinga, lakini usiku ule nilijaribu na nikapata saa nne za usingizi.

Sasa deni. Bwana mmoja tuliyekuwa naye foleni ya dawa aliniambia kuna ngumbaru, darasa la watu wazima, jioni, walimu wazuri, hakuna anayecheka mtu. Nilikuwa na miaka 36. Wiki ya kwanza nilipita mbele ya mlango mara mbili nikijifanya natafuta punda wangu. Sina punda.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mtaratibu sana. Alituambia kila mtu alete karatasi yoyote aliyo nayo nyumbani asiyoielewa. Wakina mama wakaleta kadi za kliniki, mzee mmoja akaleta barua ya shamba iliyokaa sandukuni miaka sita. Mimi nikaleta mfuko wa nailoni uliojaa risiti, uliokuwa chini ya godoro. Fikirini, nilikuwa nailalia.

Kabla hatujazifungua akaniuliza, "Unadhani unadaiwa ngapi?" Nikasema nusu milioni. Tukapanga risiti mezani siku tatu, jioni kwa jioni. Mashine ilibaki 118,000. Tajiri wa samaki, 46,500. Duka, 9,200. Karo, 14,000. Nikajumlisha mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, nikifuta mara nne: 187,700. Nikajumlisha tena nikidhani nimekosea. Ile laki tatu na ushei nyingine haikuwako mahali popote duniani isipokuwa kichwani mwangu saa nane za usiku.

Na risiti za tajiri zilionyesha 11,500 imeandikwa mara mbili. Nilimpelekea daftari. Sikugombana naye, nilimwonyesha tu tarehe. Akaita karani wake, wakatazama, ikafutwa. Mwaka mmoja nyuma ningekwenda kwa tajiri yule kwa ukali na ningetoka na aibu, kwa sababu mkononi sina kitu. Tukagawa 176,200 kwa miezi 24, ikawa kama 7,340 kwa mwezi. Nilichukua miezi 31. Mshipi wa mchana hauleti fedha za jarife.

Baada ya hesabu nikaanza kuandika na mengine mle daftarini, yasiyo na tarakimu. Mara ya kwanza nililia, nikafunga, nikasema huu ni upuuzi. Binti yangu anasomea unesi sasa, naye juzi alinionyesha kwenye simu kwamba mwaka 1986 mtaalamu wa Marekani, James Pennebaker, aliwapa wanafunzi kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo juu ya mambo yaliyowaumiza. Walipomaliza kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nikamwambia, mwanangu, ile huzuni ya mwanzo naijua.

Nisije nikawadanganya. Daftari halikufungua bahari. Marufuku ilibaki, na hakuna darasa litakalompa mtu unga. Tena shule yenyewe huleta stresi: binti huyu huyu alipokuwa kidato cha nne aliumwa kichwa wiki tano, na kilichomwuma ni mtihani. Kwa hiyo simshangai shemeji yako. Digrii yake inawezekana ilimfundisha kila kitu ila moyo wake unavyofanya kazi na mshahara wake unavyoisha. Na babu yenu msiseme hakusoma. Mzee aliyekaa barazani miaka 60 akisikiliza watu amesoma sana.

Hili la baraza nalifikiria mara nyingi. Zimbabwe kuna daktari wa akili, Dixon Chibanda, aliyeanza mwaka 2006 na bibi 14 pale Mbare, Harare. Aliwafundisha namna ya kumkalisha mtu kwenye benchi, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Washona wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo "mawazo mengi" yetu haya? Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti wa watu 573, na waliokaa na bibi wale walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi Amu nyumba za kale zina daka, ukumbi wa mlangoni wenye vibaraza vya kukalia. Kilichopungua ni mafunzo tu, maana barazani kwetu ukisema hulali, wa kwanza anakuuliza umemkosea nani, wa pili anakwenda kulitangaza uwanjani Mkunguni kabla ya magharibi.

Ndugu muulizaji, shemeji yako msimpe hotuba. Kaa naye, mwulize anadhani anadaiwa ngapi, au anahofia nini hasa, kisha mtoe karatasi mzihesabu pamoja. Apimwe presha. Lakini ukimsikia anasema heri afe, hapo acheni daftari na maneno yangu yote, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Mtu akiuliza lolote nitajibu Jumatatu. Bamvua limepita, tunatoka kesho alfajiri.