Re: Sholay na Seven Samurai, nianze na ipi?
Mkuu umeuliza kama filamu ya Kihindi Sholay ni kopi ya ile ya Kijapani Seven Samurai na uanze na ipi. Kopi hapana bana, ila undugu upo, kijiji kinasumbuliwa na majambazi kinatafuta wapiganaji. Seven Samurai ya mwongozaji Kurosawa ni ya 1954, haina rangi, Japani ile ya zamani ya mapanga, wanakijiji hawana hela wanalipa wali tu, na kinachoniumiza mimi ni kwamba samurai wanne wanaokufa wote wanapigwa bunduki, hakuna hata mmoja anayeangushwa kwa upanga, yaani ufundi wote ule unazimwa na risasi moja. Sholay ya 1975 sasa ni masala kamili, yaani mchanganyiko wa nyimbo, vichekesho, mapenzi, wapiganaji wawili tu Jai na Veeru (tena wahalifu), anayewakodi ni Thakur, polisi wa zamani aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, kwa hiyo hapo ni kisasi kuliko njaa. Zote zinavuka masaa matatu, andaa chai. Mi ningeanza na Sholay, Gabbar peke yake anakubeba, ile ya Kijapani iweke usiku usio na haraka, pigano la mwisho la mvua na matope usiliangalie kwenye simu.