Krimu ya buluu ya keki ya bahari isigeuke kijani

Mawimbi ya krimu ya buluu kwenye keki yako ya bahari yanageuka kijani kwa sababu siagi ina unjano, na njano ikichanganyika na buluu huzaa kijani. Piga siagi laini gramu 250 peke yake kwa dakika 5 hadi ipauke, ndipo uongeze sukari ya aisingi gramu 500 kidogo kidogo. Tia rangi ya zambarau kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Hiyo huufifisha unjano. Kisha buluu ya jeli, si ya maji, maana maji huikata krimu. Subiri saa moja kabla ya kuongeza rangi zaidi, maana hukolea yenyewe.

Na kama umeweka zabibu kwenye keki ziwe mapovu ya bahari, kwa watoto walio chini ya miaka 5, tafadhali sana zipasue vipande vinne kwa urefu. Zikiwa nzima humkaba mtoto.