Usiende karamuni na njaa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Msimu wa sikukuu unakulaje bila kuuchosha mwili?" Mimi nasema, kula kabla ya karamu. Watu wanaiogopa sahani ya sikukuu, kumbe kinachowaumiza zaidi ni kujinyima kabla yake na kujiadhibu baada yake.

Mtu akijua mchana kuna chakula kingi, anaruka kifungua kinywa ili aache nafasi tumboni. Tumbo likikaa tupu kwa saa nyingi hutoa kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Akifika mezani mkono unakimbilia wanga na vitamu, na anakula harakaharaka. Taarifa ya kushiba haifiki ubongoni papo hapo. Huchukua kama dakika 20 tangu tonge la kwanza. Ndani ya dakika hizo mwenye njaa kali ameshamaliza sahani ya pili, kisha lawama zote anaitupia sikukuu. Angekula asubuhi mayai au maharage, tunda zima na maji ya kutosha, angeketi mezani ametulia na angechagua anachokipenda kweli.

Jambo hili linanigusa kwa sababu mama yangu ana kisukari. Sikukuu moja alishinda bila kula tangu asubuhi ili mchana ale na wenzake bila wasiwasi, lakini vidonge vyake alimeza kama kawaida. Chakula kikachelewa. Nilimkuta amekaa pembeni, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka hata kikombe kinamshinda, na anatuita kwa majina yasiyo yetu. Jamaa wengine walidhani amekula vitamu kwa siri. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, tulimpa maji yenye sukari, tukapima tena baada ya dakika 15, na alipopata nafuu ndipo akala. Baadhi ya vidonge vya kisukari, pamoja na insulini, huendelea kushusha sukari hata kama hujatia kitu tumboni. Anayetumia dawa hizo azungumze na daktari wake kabla ya msimu kuanza. Nanyi wenye shughuli, mgonjwa wa namna hii mpakulieni saa yake ikifika, wageni wengine wawe wamefika au hawajafika. Hilo si kumdekeza.

Mkishaketi, utaratibu wa kula una maana kuliko wengi wanavyodhani. Anza na mboga, fuatisha nyama, samaki au maharage, wanga uje mwisho. Chakula ni kilekile, lakini nyuzinyuzi na protini zikitangulia hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na sukari ya damu haipandi ghafla kama pale unapoanza na wanga. Mboga zenyewe ndizo husahaulika kabisa siku hizi za nyama na vitamu, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku.

Vinywaji navihofia kuliko nyama. Soda ya kola ya mililita 330 ina sukari karibu gramu 35. WHO inataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Chupa mbili tu umeshapita, na tumbo halijahisi kwamba limekula chochote. Mimi huweka jagi la maji katikati ya meza, karibu na mikono ya watoto, na soda nazitenga mbali kidogo. Watoto hunywa kilicho karibu.

Kesho yake usikimbilie mizani. Wanga wa ziada huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na kama gramu tatu za maji. Chumvi nyingi nayo huzuia maji mwilini, ndiyo maana asubuhi pete inabana. Kilo mbili zilizopanda kwa usiku mmoja haziwezi kuwa mafuta matupu. Hivyo sioni sababu ya kushinda siku tatu kwa juisi za "kusafisha mwili". Ini na figo zinaifanya kazi hiyo kila siku, na kujinyima upya kunairudisha njaa ileile iliyokuponza.

Lakini pia tusijidanganye. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 katika New England Journal of Medicine ulifuatilia watu wazima 195, ukakuta kwamba katika msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka waliongezeka wastani wa kilo 0.37 tu. Ni kidogo, ila uzito huo haukuondoka miezi iliyofuata. Mwaka kwa mwaka unajilimbikiza. Kwa hiyo macho yangu yako zaidi kwenye zile siku za katikati, kati ya shughuli moja na nyingine, ambapo hakuna mgeni lakini keki bado ipo kabatini na kila apitaye anamega. Siku hizo turudi kwenye chakula chetu cha kawaida: mboga, maharage, matunda, na usingizi wa kutosha, maana asiyelala vizuri huamka na njaa zaidi. Baada ya mlo, tembeeni dakika 10 au 15; misuli ikifanya kazi huichukua sukari kutoka kwenye damu. Mama yangu sasa ndiye anayetuinua vitini, na wajukuu humfuata nyuma bila kuambiwa.