Kikohozi hakisubiri foleni

Wadogo zangu mlioanza zamu mwezi huu, nawapenda, lakini jana nimewaona wawili mmeshusha barakoa hadi kidevuni ili msikilizane na mgonjwa anayekohoa. Siwezi kunyamaza.

1. N95, ile barakoa inayobana uso na kuchuja hewa, ikaguliwe kila unapoivaa: ifunike kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu. Hewa ikipenya puani au mashavuni, hujavaa kitu. Na wenye ndevu, haitashika uso, zinyoeni.

2. Kuvua: glovu mwanzo, N95 mwisho, ukiwa umeshatoka chumbani kwa mgonjwa na kufunga mlango.

3. Anayekohoa aulizwe mlangoni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mapokezi, mvua inanyesha, benchi limejaa. Mzee mmoja alikoholea kitambaa, kila mara akikikunja atafute upande mkavu. Nilimwona. Nikasema moyoni, zamu yake itafika. Kisha nikafunga madirisha kwa mikono yangu, maana mama aliyekaa ubavuni pake alisema mwanawe anasikia baridi. Walikaa hivyo kwa muda wa saa 3. Daktari alipouliza, kikohozi kilikuwa na wiki 6, usiku jasho, nguo zinampwaya. Majibu ya makohozi yakarudi: kifua kikuu. Tukaanza kuwasaka wote waliokuwapo, na daftari halisemi nani alikaa karibu na nani. Yule mama tulimpata. Mtoto akaanzishiwa dawa za kinga, na nilipokuwa namwelekeza mama namna ya kumpa, akaniuliza taratibu, "Lakini si ulimwona?" Nilikosa la kumjibu.

Swali lenyewe ni fupi: "Umeanza kukohoa lini?" Akifikisha wiki 2, mpe barakoa ya kawaida, mkalishe penye hewa, aonwe kabla ya wengine. Makohozi ayatoe nje, si chooni. Na madirisha yaachwe wazi hata watu wakinung'unika. Tafuteni blanketi la mtoto.

4. Mgonjwa wa surua akitoka chumbani, virusi vyaweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2. Msikimbilie kumwingiza mwingine.

5. Ukiamka na homa na mafua, usije. Najua mnaogopa kuonekana wavivu, na wakubwa wenu tumewafundisha vibaya kwa kujikaza tukiwa wagonjwa. Wodini kuna wazee na watoto njiti ambao mafua yako yanaweza kuwaua. Nipigie hata saa 10 alfajiri, nitakushikia zamu.